Hadi Kigongo Kilipoangukia

Waimbaji wanasema Bibi Meleri, mke wa bwana wa ngome yetu, alizaliwa na jicho baya, na kwamba maziwa yalichachuka kila alipopita. Mimi nilimfulia nguo miaka kumi na tisa. Kwa nguo zake nilijua siku alizolia, siku alizopiga magoti mpaka kitambaa kikalika, na siku ile damu ya mtu mwingine ilipoingia mara ya kwanza kwenye mikono ya kanzu yake. Hakuzaliwa mbaya. Alikuwa mwema kuliko sisi sote. Nasimulia sasa kwa kuwa binti yangu Eurgain ni mzima, ana miguu miwili inayotembea, na Mungu ameniondolea ule woga.

Kila Noeli, kabla nyama haijakatwa, mzee wa sheria alisimama ukumbini akataja himaya za watu wa ngome. Mtu anayekimbizwa, hata kama ameua, akimfikia mwenye himaya haguswi mpaka himaya hiyo iishe. Ya mkuu wa farasi ni umbali ambao farasi aliye mwepesi kuliko wote atakimbia bila kusimama. Ya mke wa bwana ndiyo kubwa: ukishika pindo la joho lake, atakusindikiza mpaka nje ya nchi. Ya mfuaji ilitajwa mwisho, watu wakiwa tayari wamenyoosha mikono kwenye sahani.

"Ya mfuaji," mzee alisema, "ni kutoka jiwe la kufulia hadi pale kigongo chake cha kupigia nguo kitakapoangukia akikirusha, na itadumu mpaka akiokote."

Hapo ukumbi mzima ulicheka. Idwal, jemadari wa walinzi, alinigeukia akiwa na povu la pombe ya asali kwenye ndevu.

"Mama Eurgain, nikiua mtu nakuja kwako. Nipate nafasi ya kupiga chafya kabla hawajanishika."

"Njoo," nikamwambia. "Ila uje na nguo zako chafu, nisikutetee bure."

Wakacheka zaidi. Bibi Meleri naye alicheka, kisha akainua mkono. "Msimcheke Mama Eurgain. Himaya ni himaya."

Ndivyo alivyokuwa. Majira ya baridi yaliyofuata aliniona nikichechemea na vikapu kutoka kisimani, magoti yamevimba. Kesho yake akawaita wanaume sita, wakalikokota jiwe la kufulia kutoka uani, nje ya lango, wakapita nalo kanisa, mpaka ukingoni mwa mto. "Maji yakufuate wewe," alisema, "si wewe uyafuate maji." Watu walinung'unika kwamba jiwe la babu zao limehamishwa kwa ajili ya magoti ya mjane. Mimi nilimwombea siku hiyo na nyingi baadaye.

Na himaya yake aliitumia kweli. Katika miaka ile nilihesabu watu ishirini walioshika pindo lake. Alitembea nao kwa miguu, bila farasi, akaingia nao mtoni mpaka kwenye jiwe jeupe lililo katikati ya maji, kwani hapo ndipo nchi yetu inapoishia. Akawaombea, wakavuka, akarudi amelowa mpaka kiunoni.

Wa ishirini alikuwa Tegid, mchunga kondoo. Alikuwa amempiga mwenzake kwa mpini wa shoka katika ugomvi wa kisima, na yule mwenzake hakuamka. Tegid alishika pindo la Bibi mlangoni mwa kanisa, akitetemeka kama kondoo aliyenyolewa. Bibi akampeleka. Alivuka salama hadi ng'ambo, akageuka kumpungia mkono, kisha akaingia kwenye miti. Ndugu wa marehemu walikuwa wamejificha humo. Sisi tuliokuwa ukingoni tulimsikia akiita, "Bibi! Bibi Meleri!" mara tatu, halafu basi.

Bibi alitaka kuvuka. Idwal alimshika kiunoni kwa mikono miwili. Jioni nilipofua ile kanzu sikukuta damu, ila tope na majani.

"Sikumfikia," alinambia. "Aliniita, na sikumfikia."

"Ulimfikisha pale sheria inapofika, Bibi."

"Basi sheria ni fupi."

Tangu siku hiyo hakumvusha mtu. Aliyeshika pindo alibaki ngomeni. Mwanzoni hakuna aliyeona ubaya. Uji wa shayiri ulikuwepo, na mablanketi, na yeye mwenyewe aliwaosha vidonda. Kisha mumewe, Bwana Rhun, alikwenda kwenye vita vya Mfalme Mkuu, akarudi farasi peke yake, tandiko limepinda upande. Bibi hakulia mbele ya watu. Alifunga lango.

Baada ya hapo hakungoja tena mtu ashike pindo. Yeye ndiye aliyelitandaza. Akipita msafiri kuomba maji, Bibi alivua joho akamfunika mabegani, akamwambia kwa sauti ile yake laini, "Huko mbele watakuua. Umeshaingia kwenye himaya yangu." Na aliyeguswa na joho hakutoka. Alifunikwa muuza sindano. Alifunikwa hujaji aliyekuwa akienda kutubu. Walifunikwa wapanda farasi wawili wa Mfalme, akawanyang'anya panga ili wasiue wala wasiuawe. Walipofika arobaini, ghala likaisha, naye akatuma walinzi kuchukua nafaka vijijini. Watoto wa vijijini wakalala na njaa ili watu wa himaya wale. Nilipomwambia, alinitazama kama niliyesema neno la kigeni.

"Hao hawakuniita," alisema.

Mmoja wa wale wapanda farasi aliitwa Selyf, mtu wa mzaha na miguu mirefu. Aliruka ukuta mara mbili, wakamrudisha mara mbili. Asubuhi ya mara ya pili Bibi aliingia kanisani akaomba mpaka adhuhuri. Alipotoka, akaamuru Selyf akatwe mshipa wa kisigino, kama anavyofanyiwa farasi mtoro. Idwal ndiye aliyekata. Bibi alikipakata kichwa cha Selyf magotini mwake muda wote, akimpangusa jasho. "Sasa hutaumia tena," alimwambia. Na nasema kwa yakini kwamba aliamini.

Hiyo ndiyo damu niliyoikuta kwenye mikono ya kanzu. Niliiloweka kwenye maji baridi na chumvi, nikasugua kwa maji ya majivu, nikanyamaza. Walifuata watatu wengine, na kila mara nilisugua nikanyamaza. Hilo nimelitubu kwa padri. Aliniondolea, lakini mikono yangu bado inakumbuka.

Sasa Eurgain. Binti yangu alikuwa mfumaji wa Bibi, na Bibi alimpenda sana. Alikuwa ameposwa na Ynyr, mfuga nyuki wa ng'ambo ya mto, kabla lango halijafungwa. Alipoomba ruhusa ya kwenda kuolewa, Bibi alimbusu kwenye paji la uso akasema hapana. Ynyr hakuchoka. Kila sikukuu, ngome nzima ilipotoka kwenda kanisani chini ya walinzi, yeye alikaa ukingo wa pili na kofia yake ya nyasi, amuone mchumba wake akipita. Wakati wa kunyoa kondoo Eurgain alijaribu kutoroka kupitia banda la mabata bukini. Mabata wakapiga kelele kama wamelipwa.

Wiki mbili baadaye Bibi aliniita chumbani. Alikuwa amekonda. Alinishika mkono akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Mama Eurgain, silali kwa ajili ya mtoto wetu."

"Mtoto wetu, Bibi?"

"Atajaribu tena. Namjua. Atafika kwenye ile miti, ataniita, na mimi nitakuwa huku." Akafumba macho kidogo. "Kesho ni sikukuu. Baada ya misa, Idwal atafanya. Ana mkono mwepesi, hatasikia sana. Nitamlaza kitandani kwangu, nitamlisha mwenyewe kwa kijiko. Nilitaka uwe umejua, usije ukashtuka."

Niliitazama mikono yake. Ilikuwa safi, kucha zimekatwa vizuri. Nilitaka kumrukia, na nilitaka kumkumbatia, vyote viwili, Mungu ananijua. Nikasema, "Ndiyo, Bibi," nikatoka.

Nilikwenda mtoni kuanua. Nilipiga magoti kwenye jiwe la kufulia, si kufua, kuomba. Sikusikia sauti wala sikuona malaika. Niliona kigongo changu kimelala penye jiwe, na mbele yake maji mapana yasiyofika magotini wakati ule wa mwaka, na lile jiwe jeupe. Nilipima kwa jicho. Kutoka kisimani uani, mahali pa zamani, hata jitu lisingefikisha. Kutoka hapa ilikuwa kama hatua arobaini na tano. Mbweha akinyemelea vifaranga nilikuwa nampata kwa hatua arobaini, kwa kigongo kilicholowa. Kikiwa kikavu huyumba na upepo. Kikishiba maji huenda kilikotumwa. Nikakifunga kamba, nikakizamisha chini ya jiwe mpaka asubuhi.

Jioni nilimwambia Eurgain maneno mawili tu tukikunja mashuka. "Ukitoka kanisani, kimbia uje kwenye jiwe langu. Usiulize."

"Mama, kuna nini?"

"Nimesema usiulize. Na vaa viatu vya kufunga."

Sikukuu ikafika. Niliingia kanisani na kigongo nimekifunga kwenye shali, maji yakichuruzika sakafuni. Idwal alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Eurgain," akaninong'oneza, "umejikojolea?"

"Ni kigongo."

"Unakuja na kigongo kanisani?"

"Na wewe umekuja na kisu."

Uso wake ulishuka. Aliitazama ile michirizi ya maji, akanitazama mimi, akageuka kutazama madhabahu.

Nilipokea mwili wa Bwana, kisha nikatoka kabla ya baraka ya mwisho. Ni mara ya pekee maishani mwangu. Nilikuwa nimefika kwenye jiwe niliposikia kelele nyuma, na Eurgain akija mbio, sketi ameikusanya mkononi, walinzi nyuma yake. Akajitupa kwenye jiwe akalikumbatia. Nikasimama mbele yake.

"Yuko kwenye himaya yangu," nikasema.

Walinzi walisimama, wakatazamana, wakacheka. Mmoja akasema, "Himaya ya hatua kumi. Tungoje apige chafya?"

Bibi Meleri akafika, joho lake begani, ngome nzima nyuma yake. Selyf alikuwa nyuma kabisa kwenye magongo yake.

"Mama Eurgain," akasema kwa upole, "sogea. Usinifanye niwe mkali mbele ya watu."

"Yuko kwenye himaya yangu, Bibi. Nataka kurusha."

"Na ukisharusha? Ataogopa zaidi, basi. Msogeze, Idwal."

Idwal hakusogea. Alikuwa ameshika kisu bado kikiwa kwenye ala. "Bibi," akasema polepole, "hawa arobaini tunawashikilia kwa neno moja tu, himaya. Ukiivunja ya mfuaji, yako tutaiitaje?"

Kule ng'ambo Ynyr alikuwa amesimama, kofia mkononi. Nilimwona Bibi akiwatazama watu wake, mmoja mmoja, nao wakimtazama. Angeweza kukataa. Walinzi wengine walikuwa wa kukata bila kuuliza. Lakini kuna kitu ndani yake kilikuwa hakijaoza, na kilikuwa hicho.

"Himaya ni himaya," akasema. "Arushe."

Nilikifungua kigongo. Nilisema moyoni, Bwana, mkono huu umesugua na kunyamaza, uutumie leo tu. Kisha sikurusha kwa mkono. Nilirusha kama ninavyopiga shuka la sufu, kutoka kwenye nyonga, mgongo mzima ndani yake, miaka yote ya ujane na ufuaji. Kigongo kilikwenda chini chini juu ya maji, kikajipindua mara moja, kikagonga kichwa cha lile jiwe jeupe, ko, kikaruka upande wa pili na kukwama kati ya mawe.

Hakuna aliyecheka.

"Nenda," nikamwambia Eurgain.

Akaingia majini. Bibi alikimbilia ukingoni, na nilidhani atamshika, nikanyoosha mikono. Lakini alisimama tu, maji yakilowesha viatu vyake.

"Watamuua," akasema. "Tegid alivukia hapo hapo. Ulimsikia. Wote mlimsikia."

"Nilimsikia, Bibi. Namsikia mpaka leo."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ulivusha watu ishirini. Tulimsikia mmoja. Wale kumi na tisa hatukuwasikia kwa kuwa walikuwa wazima, wamejiendea zao."

Eurgain alipita jiwe jeupe, akapita kigongo, akajikwaa, akasimama. Ynyr aliingia majini na nguo zake akampokea. Wakapanda ukingo. Wakaingia kwenye miti, ile ile, na majani yakajifunga nyuma yao.

Tukangoja. Sijawahi kungoja vile, hata siku mume wangu alipokuwa akikata roho. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja pigo. Nikasikia mto, na bukini kwa mbali, na moyo wangu.

Kisha sauti ikatoka juu ya mlima ulio nyuma ya miti, nyembamba lakini yake, kali kama anavyokuwa akikosa uzi.

"Mama! Nimepoteza kiatu! Kiko majini, kitafute!"

Nilikaa chini kwenye matope nikacheka, machozi yakinitoka, na nilishindwa kujizuia.

"Anasemaje?" Bibi aliniuliza. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu.

"Anasema amepoteza kiatu, Bibi."

"Basi?"

"Basi. Ni hilo tu."

Bibi Meleri alikaa kwenye jiwe la kufulia. Alikaa kama mzee. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia mtu akiita kutoka ng'ambo bila kufa.

Idwal alikohoa. "Mama Eurgain, ile himaya imeisha, au bado ipo?"

"Sheria inasemaje?"

"Mpaka kigongo kiokotwe."

"Basi ipo," nikasema, nikijipangusa pua kwa shali. "Na mimi sina haraka. Leo ni sikukuu. Sifui."

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Wa kwanza kuelewa alikuwa muuza sindano. Alivua viatu, akavishika mkononi, akapita mbele ya Bibi akiinamisha kichwa kama anayepita mbele ya madhabahu, akaingia majini kwa kufuata ule mstari wa kigongo. Walinzi hawakumzuia. Kisha wakafuata wawili, kisha watano. Hujaji alipita akiimba zaburi, sauti mbaya kweli, na hakuna aliyejali.

Idwal alimwendea Selyf. Alivua kisu na ala yake akavitupa kwenye nyasi, akachuchumaa, akampa mgongo. Selyf aliutazama ule mgongo. Alikuwa na haki ya kuutemea mate.

"Hicho kisigino hakirudi," Idwal akasema bila kugeuka. "Najua."

"Unajua," Selyf akasema. Kisha akampa mtu magongo yake, akampanda. "Polepole basi, punda. Ukiniangusha nitakufa na maji, na nimekwisha kuokoka na mengi ya ajabu kwenye ngome hii."

Wakavuka. Idwal alirudi akawachukua wale watatu wengine, mmoja mmoja, na mara ya mwisho alipopita jiwe jeupe, aliendelea na njia, hakurudi tena.

Kufikia alasiri walikuwa wamevuka thelathini na sita. Waliobaki walibaki kwa kupenda, wawili wagonjwa na wengine wasio na pa kwenda. Lango lilikuwa wazi, na nafaka iliyosalia walinzi waliirudisha vijijini kwa magunia, bila mtu kuniamuru niwaambie. Niliwaambia mwenyewe.

Bibi alikuwa bado kwenye jiwe. Alivua joho, lile lenye pindo lililoshikwa na watu wengi, akaliweka mapajani mwangu. Kwenye ukingo lilikuwa na madoa ya kahawia niliyoshindwa kuyatoa.

"Linafulika?" akauliza.

"Si lote."

"Lijaribu."

"Kesho, Bibi," nikasema. "Leo ni sikukuu."

Kesho yake alfajiri niliingia mtoni nikaokota kigongo changu, na kiatu cha mwanangu kilichokuwa kimenasa kwenye mizizi hatua chache chini yake. Nikalifua lile joho kwa mara ya mwisho, nikalianika penye jua, likiwa na madoa yake. Kisha nikavuka.